Mimi Nilikuwa Hanania

Ile siku nilipotoa lile neno, kanisa lilijaa mpaka nje. Ilikuwa mkesha wa Desemba 2024, mvua imeanza, na mabati yetu yalipiga kelele hata ikanibidi kupaza sauti kama mtu anayegombana na jirani. Nikamwita mbele mama mmoja mshonaji, mjane mwenye watoto wanne, mwimbaji wa kwaya. Nikamwekea mikono. Nikasema, "Mama, Bwana ananiambia, kabla mvua hizi hazijakatika utapanda ndege. Uza, gawa, funga mizigo."

Watu wakashangilia. Ngoma zikalia mpaka karibu na alfajiri. Mama alilia, mimi nililia, na sadaka ya usiku ule ilizidi ya Krismasi.

Ndugu msomaji, kama unaishi Dzaleka huna haja nikufafanulie. Kama unasoma ukiwa mbali, elewa kwamba hapa kwetu "kusafiri" si kwenda Salima kuangalia ziwa. Kusafiri ni kuitwa, kuhojiwa, kupimwa damu, kupewa tarehe, kuondoka na usirudi tena. Watu wanangoja miaka kumi, kumi na tano. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000; leo tumepita 50,000, na sheria za nchi zinataka tuishi humu humu, tukitoka tutoke kwa kibali. Kwa hiyo mchungaji anayetabiri safari hakosi waumini. Nami nilikuwa natabiri vizuri sana.

Sitakudanganya kwamba usiku ule nilisikia sauti. Nilikuwa na hesabu tu. Mama alikuwa amemaliza intavyu, amemaliza medikali, na kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa kumwambia ajiandae kwa Februari. Aliyenionyesha ujumbe huo ni mwanawe mkubwa, tukiwa tumesimama kwenye bomba la maji. Hata mtoto wa shule angeweza kutabiri. Mimi nilichukua ujumbe wa simu nikauvalisha koti la Mungu, nikamrudishia mwenyewe mbele ya watu, nikapigiwa makofi.

Na yeye alitii. Aliuza nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa matofali yake mwenyewe, akauza vitanda, akauza sufuria kubwa. Mwisho kabisa akauza mashine ya kushona, ile ya kukanyaga, iliyowalisha watoto wake tangu baba yao alipofariki. Yunifomu ngapi za shule za kambi hii zimepita chini ya sindano ile, mimi siwezi kuhesabu. Akahamia kwa dada yake, watu tisa katika chumba kimoja na sebule, kungoja wiki chache tu.

Tarehe 20 Januari 2025, kule Washington, ilitiwa saini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Amri ilipaswa kuanza tarehe 27, lakini safari zilizokwisha kupangwa zilifutwa hata kabla ya hapo. Hapa habari ilifika kwa simu, kama habari zote. Nakumbuka kambi ilivyonyamaza asubuhi ile. Hata pale sokoni mtu aliuza ndagala bila kuita wateja.

Mama hakuja nyumbani kwangu. Alikuja kanisani, siku ya kazi, akanikuta nafagia. Akakaa kwenye benchi la mbele. Akasema, "Baba Mchungaji, nina swali moja tu. Aliyekosea ni Mungu, ama ni wewe?"

Ningesema "ni mimi" ingekuwa maneno mawili. Badala yake nilimhubiria. Nikamletea Ayubu, nikamletea Ibrahimu na mwanawe kule mlimani, nikamweleza habari za dhahabu na moto. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Akasema, "Asante, Mchungaji," akaondoka. Jumapili iliyofuata alikuja, lakini hakukaa na kwaya. Alikaa karibu na mlango. Wachungaji wenzangu mnajua maana ya mtu kuanza kukaa karibu na mlango.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana si vizuri mtu aungame bila kujitambulisha. Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kivu ya Kusini. Nilivuka Tanganyika usiku kwa mtumbwi, nikaishi Nyarugusu, halafu nikashuka Mbeya, nikavuka Songwe, nikaandikishwa Karonga, nikafika Dzaleka 2009. Njia hiyo wengi wenu mmeipita, kwa hiyo siirefushi. Nilianza kuhubiri Nyarugusu. Chuo cha Biblia sikusoma. Nilisoma shule kwa Kifaransa, nikapata Biblia ya Kiswahili, na sauti Mungu alinipa. Mtu mwenye sauti, kambini, hupewa kanisa haraka kuliko anavyopewa kadi ya mgao.

Katika safari zote hizo sikuwahi kusafiri, kama naweza kusema hivyo. Nilikuwa nakimbia. Mtu anayekimbia haoni nchi, anaona njia. Miaka kumi na sita nimeishi Malawi, na Kichewa changu kilikuwa cha kununua nyanya na kuomba msamaha kwa polisi. Nilikuwa nahubiri kwamba tuko hapa kwa muda, na kitu cha muda mtu hajifunzi lugha yake.

Aprili nilipata kibali cha kwenda Lilongwe. Nilikuwa nimekusanya pesa, nyingine za kwangu, nyingine nimekopa, kwa nia ya kumnunulia mama mashine nyingine. Nia hiyo mimi niliiita upendo. Bibi yangu, ambaye ananijua, akaiita kwa jina lake. "Unataka kununua usingizi," akasema.

Kutoka Dzaleka mpaka mjini ni kilomita arobaini na kidogo, lakini ukiwa mkimbizi zinarefuka kila mnapokaribia kizuizi cha polisi. Nilishika karatasi yangu mkononi tangu nilipopanda minibasi. Tukapita Lumbadzi, tukapita Kanengo, ambako msimu wa tumbaku ukianza harufu yake inaingia mpaka ndani ya gari, tukashuka Old Town. Nilipita mitaa ambayo zamani ilikuwa na maduka ya ndugu zetu, kabla ya 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wote warudi kambini. Milango ni ile ile, majina juu yake ni mengine.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa mashine za kushona, mzee wa miaka kama sitini, mwenye kibaraza kidogo kilichojaa vichwa vya mashine, mikanda, bobini na makopo ya mafuta. Tukasalimiana. Alipoona Biblia kwapani mwangu akaniita Abusa, kama Wamalawi wanavyowaita wachungaji. Mimi nikamwita Bambo. Nikachagua mashine, tukabishana bei, akakataa kushuka chini ya laki mbili na nusu. Halafu akaniuliza natoka wapi.

"Ku Dzaleka," nikasema.

Akaweka bisibisi chini. Akaniangalia muda kidogo. "Bambo anga anali kumeneko," akasema. Baba yangu alikuwa huko.

Nikadhani baba yake alikuwa askari wa gereza. Sisi sote tunajua kwamba Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Hata jina wenyeji wanatuambia linatokana na kuacha, kana kwamba mtu anasema sitarudia tena. Tunalijua kama tunavyojua hadithi ya babu. Watoto wanatishana nayo usiku. Lakini sijawahi kuuliza waliofungwa walikuwa nani.

Mzee akaniambia polepole, akichanganya Kichewa na Kiingereza ili nimfuate. Wazazi wake walikuwa Mashahidi wa Yehova. Dini yao ilipigwa marufuku Malawi 1967. Chama kilikuwa kimoja, kila mtu alitakiwa kununua kadi ya chama, na wao walikataa kwa sababu ya imani. Mwaka 1972 vijana wa chama wakaanza kuwapiga na kuwachomea nyumba. Maelfu wakakimbilia Zambia, wakarudishwa, wakakimbilia Msumbiji. Yeye alikuwa mtoto wa miaka saba, amebebwa mgongoni sehemu ya njia, na sehemu nyingine akitembea kwa miguu. Waliishi kambini Msumbiji mpaka nchi ile ilipopata uhuru 1975, wakarudishwa tena. Hapo ndipo baba yake alipokamatwa na kupelekwa Dzaleka. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba kama ufito, na mambo ya kule hakupenda kuyasimulia.

"Kadi tu," nikamwambia. "Si angenunua kadi tu, arudi kwa watoto?"

"Ndivyo askari walivyomwambia kila siku," mzee akajibu.

Nilishindwa pa kuangalia. Maana lazima niseme na hili: miezi michache kabla, pale pale Dzaleka, nilikuwa nimehubiri Jumapili nzima dhidi ya Mashahidi wa Yehova. Niliwaita watu wa uongo. Nilikataza waumini wangu kuwafungulia mlango. Watu walicheka nilipoiga jinsi wanavyobisha hodi. Na ardhi niliyosimama, huenda hatua chache tu kutoka madhabahuni, ilikuwa imelowa jasho la watu walioteswa kwa kukataa kununua karatasi. Sisi tuko Dzaleka tunangoja karatasi. Wao waliwekwa Dzaleka kwa kuikataa.

Mafundisho yao sikubaliani nayo hata leo. Tulibishana mchana ule, mimi na fundi, juu ya Utatu, na nadhani mimi nilishinda, ingawa yeye pia anadhani alishinda. Hilo halinisumbui. Kilichonisumbua ni kwamba mimi, ambaye najiita mkimbizi kana kwamba ni cheo, nilikuwa mbele ya Mmalawi aliyekuwa mkimbizi kabla yangu, kwa sababu ya imani tupu, na nilikuwa nimeifanyia imani yao mzaha. Nikamwambia. Kwa Kichewa changu cha nyanya nikamweleza nilivyohubiri. Akacheka kidogo, akasema amesikia mabaya zaidi. Halafu akanionyesha jinsi ya kukaza uzi na mahali pa kutia mafuta, akachukua laki mbili na nusu zake zote, hakunipunguzia hata kwacha moja. Nilimheshimu kwa hilo.

Nikamwalika aje kwenye tamasha la Tumaini, maana tangu 2014 watu wengi wa Lilongwe wanakuja Dzaleka kusikiliza muziki. Akasema watoto wake wamekwenda. Yeye bado.

Nikarudi jioni. Kondakta alitaka mashine ilipe nauli kama abiria, kwa hiyo ilikaa kando yangu kwenye kiti, nimeifunika kitenge. Wanawake wa minibasi wakaanza kusema, "Abusa akwatira!" Mchungaji ameoa. Gari zima lilicheka mpaka Lumbadzi, na mimi pia nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Nilifikiri nikifika na mashine mambo yataisha. Tukaibeba na vijana wawili mpaka kwa dada yake mama. Akaizunguka, akazungusha gurudumu, akapima sindano kwa kidole. Akaniuliza, "Bei gani?"

Nikasema ni zawadi ya kanisa.

"Bei gani, Mchungaji?"

Nikamtajia. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mtoto la hesabu, akaandika tarehe na kiasi. "Nitakulipa kidogo kidogo," akasema. "Mashine ya kunifunga mdomo siitaki. Swali langu hujajibu."

Usiku ule sikulala. Bibi yangu hakusema neno, na hilo lilikuwa neno tosha.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa kweli. Wanaosafiri wanaacha vitu. Wengine wanaacha magodoro, wengine wanaacha madeni. Mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyekwenda Canada aliniachia sanduku la vitabu, nami nilikuwa nimelitumia miaka mitatu kama meza ya runinga. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, nusu ya Mji wa Mungu wa Augustino kwa Kifaransa. Nilikuwa nalijua jina la Augustino, lakini nilidhani ni mtu wa Wakatoliki, hakuna la kumhusu Mpentekoste.

Nilisoma polepole kwa taa ya sola, maana Kifaransa changu kimepata kutu. Kumbe yule mtu alikuwa Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hippo, mji ambao sasa uko Algeria. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma na kuupora, na wakubwa wengi wa Roma wakavuka bahari kukimbilia Afrika. Wakimbizi kutoka Ulaya, wamefika kwetu! Sijui waliandikishwa wapi. Watu wakawa wanauliza: huyu Mungu wenu alikuwa wapi Roma ilipoanguka? Augustino alianza kuandika jibu mwaka 413 hivi, na kuandika kukamchukua zaidi ya miaka kumi. Alifariki 430, mji wake mwenyewe umezingirwa na Wavandali.

Kilichonishika si hoja zake, nyingine zilinishinda. Ni kwamba mtu aliulizwa swali gumu, akakubali kukaa nalo zaidi ya miaka kumi. Mimi niliulizwa na mama mmoja, nikajibu kwa dakika ishirini.

Kutoka hapo nikarudi kwenye Biblia yangu, kwa Yeremia. Kila anayehubiri Dzaleka anaupenda mstari wa kumi na moja wa sura ya ishirini na tisa, ule unaosema Mungu ana mawazo mema kwa watu wake na siku zijazo zenye tumaini. Umeandikwa kwenye fulana, kwenye vinyozi, kwenye minibasi. Mimi nimeuhubiri pengine mara mia. Lakini sikuwahi kuusoma pamoja na jirani zake. Mstari wa kumi, unaoutangulia, unataja miaka sabini. Miaka sabini! Na juu yake kuna barua yenyewe, iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa Babeli, ikiwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji waliopelekwa. Na inawaonya wasiwasikilize manabii walio katikati yao.

Nikarudi nyuma sura moja. Ndipo nikakutana naye.

Hanania mwana wa Azuri, kutoka Gibeoni. Alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atawarudisha waliochukuliwa. Akaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Naona kabisa jinsi watu walivyoshangilia. Naisikia ngoma. Na jambo ambalo sikulitegemea, Yeremia mwenyewe kwanza alisema amina, alitamani iwe hivyo. Nani asingetamani? Lakini haikuwa hivyo, na Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Mimi niliukuta mwezi wa saba nikiwa mzima. Jumapili moja ya Julai nikasimama nikaisoma sura ya ishirini na nane yote. Nikafunga kitabu. Nikasema, "Huyu Hanania ni mimi." Nikaeleza habari za bomba la maji na ujumbe wa simu. Nikaeleza pia nilivyowahubiri vibaya Mashahidi wa Yehova, na nikawasimulia habari za baba wa fundi. Halafu nikamgeukia mama, pale karibu na mlango, nikamwambia, "Uliniuliza. Aliyekosea ni mimi."

Hakuna aliyeshangilia. Mtoto mmoja alilia nje, na hiyo ndiyo sauti iliyosikika. Mama aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji iliyo sahihi.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri, na sitaki mtu adhani kuungama ni dawa. Familia kadhaa zimehama, zimekwenda mahali ambako safari bado inatabiriwa kila Ijumaa. Sadaka imepungua, deni la spika bado lipo. Wazee wa kanisa waliniita kikao. Mmoja wao, mtu mwema ambaye amezika watoto wawili katika kambi hii, aliniuliza, "Mchungaji, ukiwaondolea watu safari, unawaachia nini?" Nilimwambia sijui bado. Akasema, "Basi ungengoja ujue, ndipo uwaondolee." Naye ana haki. Bado nalifikiria neno lake.

Ninachoweza kusema ni kile ninachofanya. Najifunza Kichewa, siyo cha sokoni tu. Kila nikipata kibali napita kwa yule fundi, ananirekebisha matamshi, tunarudi kwenye Utatu. Mwezi wa Agosti, kando ya barabara pale Old Town, nilinunua kitabu cha mtumba cha habari za wamisheni, na ndani yake nikasoma jambo ambalo nimelisimulia kila mahali mpaka watoto wangu wamechoka. Kamusi ya kwanza ya Kichewa haikuandikwa Malawi. Iliandikwa karibu na Mombasa, na mmisheni Mjerumani, Johannes Rebmann, kuanzia miaka ya 1850. Aliyemfundisha maneno ni mtumwa mmoja aliyeitwa kwa jina la Kiswahili Salimini, ambaye alikuwa amekamatwa huku bara na kupelekwa pwani. Inaonekana alitoka upande huu huu wa Lilongwe. Kamusi ilichapwa 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa.

Fikiria mtu huyo. Ameporwa kwao, yuko katikati ya watu wanaosema Kiswahili, hana tarehe ya kurudi, na anakaa chini kutaja jina la kila kitu cha nyumbani, mmoja mmoja, mwenzake anaandika. Mimi nimetembea upande wa pili wa njia yake. Kiswahili kimenileta kwake. Nilipoanza kumwambia fundi "zikomo" nikimaanisha kweli, nilimkumbuka Salimini.

Mama analipa. Kila mwisho wa mwezi anakuja na daftari, anahesabu noti, nami natia sahihi. Mara ya kwanza nilitaka kukataa, bibi yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Amepata chumba cha kupanga karibu na soko, na yunifomu za muhula mpya zilimfanya ashone mpaka usiku. Bado anakaa karibu na mlango. Lakini Jumapili mbili zilizopita kwaya ilipoanza wimbo wa juu sana, kama kawaida yao, sauti ya pili ilitokea nyuma ikawashusha mpaka mahali panapoimbika. Sikugeuka kuangalia.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa alikuja nyumbani saa mbili usiku. Ameitwa intavyu. Alipiga magoti kabla sijamkaribisha, akasema, "Baba, nipe neno."

Nikamwambia neno sina. Nikamwambia naweza kumwombea, na nikamwombea, maombi mafupi, asitetemeke na aseme kweli. Nikaona uso wake umeanguka. Kwa hiyo nikamwambia nitamsindikiza.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Dowa inauma masikio. Tulikuta watu wamekwisha kupanga foleni, tukakaa chini, mgongo ukutani. Nilikuwa nimebeba viazi vitamu kwenye mfuko, tukala. Jua lilipotoka akaniuliza, "Na wewe Baba, kesi yako iko wapi?"

"Waliniandika 2011."

"Na hawajakuita?"

"Bado."

Akatafuna kimya. "Sasa unafanya nini?"

Nikamwambia Alhamisi nina kibali cha Lilongwe, mama ameniagiza sindano namba kumi na sita na mkanda mpya wa mashine. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa bei ya chumvi. Alitaka kuuliza tena, lakini mlinzi alikuwa ameanza kuita namba, na ya nne ikawa yake. Akasimama haraka, akajifuta mavumbi, akavua koti lake zito akanipa nimshikie.

Likiwa bado na joto, nilijifunika magoti nikangoja.